Nakisi ya kalori: maana yake, na kwa nini iwe ndogo

Neno nakisi wengi tunalisikia mwezi wa sita, bajeti ya serikali inaposomwa bungeni Dodoma: matumizi yamezidi mapato, pengo litazibwa kwa mkopo. Mwili nao una bajeti. Mapato yake ni chakula na vinywaji. Matumizi yake ni kupumua, kusukuma damu, kutunza joto, kumeng'enya, kutembea, kubeba ndoo ya maji. Kipimo cha bajeti hiyo ni kalori. Ukila pungufu ya unachotumia umeingia kwenye nakisi ya kalori, na mwili huziba pengo hilo kwa kuchota akiba, ambayo sehemu yake kubwa ni mafuta yaliyolala chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Hakuna dayati inayopunguza mafuta ya mtu bila kupitia hapo. Iwe ya kuacha wanga, iwe ya kukaa na njaa mpaka saa nane mchana, iwe ya supu ya kabichi, ikifanya kazi ujue imetengeneza nakisi.

Kalori ninayoitaja ni ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambayo maabara huiita kilokalori: joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya sentigredi. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9, ya pombe 7. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Anayezishika tarakimu hizi hadanganywi kirahisi, na hapa Dar es Salaam anayetaka kupungua anadanganywa kila siku.

Dada yangu alidanganywa. Alikuwa na kilo 118 na urefu wa sentimita 162, ana duka la vitenge Kariakoo, anakaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni. Alinunua mtandaoni mpango wa siku kumi wa kunywa juisi ya tango, tikiti na limao. Alipungua kilo tano. Siku ya kumi na moja alianguka kituoni akisubiri daladala, wapita njia wakamkalisha chini ya mwavuli wa muuza vocha. Wiki tatu baadaye kilo zote tano zilikuwa zimerudi, na yeye akaamini kwamba ana mwili "mbishi".

Mwili wake haukuwa mbishi. Tupige hesabu. Mwanamke wa miaka 41, uzito ule na urefu ule, mwenye kazi ya kukaa, hutumia kalori 2,550 hivi kwa siku. Hayo ni makadirio ya fomula ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wa lishe wanaitumia mpaka leo. Juisi zile zilimpa kama kalori 600. Pengo la siku ni kalori 1,950, la siku kumi ni 19,500. Gawanya kwa 7,700: hata kama kila alichochota kingekuwa mafuta matupu, zisingezidi kilo mbili na nusu. Zilizobaki nyingi zilikuwa maji. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, karibu nusu kilo, na kila gramu ya glaikojeni hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha kula, akiba hiyo huisha kwa siku chache na maji yake hutoka kwenye mkojo. Ukila wali siku mbili, vyote vinarudi. Ndiyo maana kilo za wiki ya kwanza humfurahisha kila mtu na haziaminiki.

Na mbaya zaidi, hata zile kilo mbili na nusu hazikuwa mafuta matupu. Nakisi ikiwa kubwa mno na protini ikawa haba, mwili huvunja misuli pia. Tena mtu mnene anayepungua kwa kasi hujiweka kwenye hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo, na miezi miwili mitatu baadaye nywele huanza kubaki kwenye kitana. Wengi hulaumu mafuta ya nywele wakati chanzo ni ule mwezi wa njaa.

Nizitaje na zile chai za kupunguza tumbo. Nyingi nguvu yake ni sanamaki, majani yale yale ambayo bibi zetu wa pwani walitumia kwa mtu aliyefunga choo. Sanamaki husukuma utumbo mpana, lakini kalori za chakula huwa zimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Unachopoteza ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaitegemea ili upige sawasawa. Tumbo linaonekana bapa kwa siku mbili, mafuta yako pale pale. Usinywe hiyo kitu mwezi mzima, nakuomba.

Kiasi kinachokubalika kwa watu wazima wengi ni kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, yaani nakisi ya kalori 500 hadi 1,000 hivi kwa siku. Kula chini ya kalori 800 kwa siku ni jambo la kusimamiwa na daktari. Mtu mwenye kilo 38 za kutoa, kwa nakisi ya 500, anahitaji siku 585. Najua tarakimu hiyo inavunja moyo ukiisoma mara ya kwanza. Lakini faida haingoji siku ya 585. Kushuka asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito kwa kawaida hushusha presha na sukari, na kila kilo moja inayotoka hupunguza mzigo wa kilo nne hivi kwenye goti kwa kila hatua. Kwa dada, asilimia 5 ilikuwa kilo sita.

Basi hizo kalori 500 zinatolewa wapi? Kwake tuliianzia jikoni, Kinondoni, Jumapili moja mchana. Ana mazoea ya kumimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kidole gumba kikiziba nusu ya mdomo. Nikamwambia amimine kama siku zote, ila amimine kwenye bakuli, kisha tupime kwa kijiko cha chakula. Mchicha wa watu wanne ulikula vijiko saba. Kijiko kimoja kina kalori 120 hivi. Akakitazama kile kibakuli, akasema, "Yaani mchicha huu ndio nilikuwa nauita dayati?" Lita moja ya mafuta ya alizeti ina kalori zaidi ya 8,000, ni nyingi kuliko zilizomo kwenye kilo nzima ya mafuta ya mwilini. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita moja kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 300 za mafuta ya kupikia kwa siku. Wakiifanya lita hiyo idumu wiki mbili, kila mmoja amepunguza 150, na sahani haijapungua hata tonge. Siku hizi anapika kwa vijiko viwili, nyanya na kitunguu vinafanya kazi iliyobaki, na nazi inaingia siku ya Ijumaa peke yake.

Mchana yuko dukani, anakula kwa mama lishe. Hapo ugumu ni wa aina nyingine, maana sahani ya Kariakoo ni mlima wa wali wenye maharage pembeni. Alianza kusema, "Mama, nipunguzie wali nusu, niongezee maharage na mchicha, bei ile ile." Mama lishe akakataa siku ya kwanza: "Wewe leo nikupunguzie, kesho uniambie nimekuibia?" Siku ya tatu alikuwa anampakulia hivyo bila kuulizwa. Maharage, choroko, samaki, mayai, mtindi na dagaa vinashibisha muda mrefu na vinalinda misuli; dagaa waliokauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa shilingi unayotoa sijaona chakula kinachowashinda. Soda ya chupa aliacha. Hilo halina maelezo marefu: sukari gramu 37 hivi, kalori karibu 150, na saa moja baadaye una njaa ile ile.

Mazoezi nayo yana nafasi yake, ila watu wengi huitafuta mahali isipokuwepo. Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita moja na ushee. Mtu wa kilo 118 akilitembea toka upande wa Aga Khan hadi upande wa Coco Beach anatumia kalori 60 hivi juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Soda moja ni madaraja mawili na nusu. Chapati moja ya kukanda kwa mafuta ni madaraja manne au zaidi. Ukimaliza jogging ya Jumapili na kikundi chako, mkakaa kwenye chipsi mayai, mmekula zaidi ya mlichotumia. Kwa hiyo nakisi hujengwa zaidi sahanini, na mazoezi hulinda kilichojengwa: yanauambia mwili usile misuli, yanashusha sukari, yanaleta usingizi, na watu waliofanikiwa kutorudisha uzito kwa kawaida ni wale walioendelea kuyafanya. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki, pamoja na siku mbili za kutia nguvu misuli. Mwenye uzito mkubwa asikimbie mwanzoni, magoti yatamgomea. Dada alianza dakika kumi kabla ya jua kuchomoza, kutoka nyumbani hadi kituo cha mwendokasi na kurudi. Kwa misuli anakaa na kunyanyuka kwenye kiti cha dukani mara kumi na mbili, anapumzika, anarudia. Wateja walishazoea.

Kuna watu ambao hawapaswi kuanza nakisi yoyote bila kumwona daktari: wajawazito na wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo au moyo, waliowahi kusumbuliwa na matatizo ya ulaji, na wanaotumia dawa za kisukari au presha. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi akipunguza chakula ghafla, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia. Dawa za presha nazo, uzito ukipungua, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kuliko inavyohitajika. Dada alipofika kilo 101 akaanza kuona giza kila akisimama. Zahanati walimpima wakakuta presha imeshuka mno, daktari akampunguzia dozi. Angenyamaza akidhani ni uchovu wa dayati, pengine angeanguka tena, na safari hii barabarani.

Jambo ambalo hakuna kitabu kilituandaa nalo ni maneno ya watu. Hapa kwetu kunenepa ni kunawiri, na kukonda kulikaa miaka mingi kama tangazo la ugonjwa. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanajua ninachosema. Alipotoa kilo kumi na tano, jirani alimvuta pembeni akamuuliza kwa huruma kabisa kama ameanza dozi ya UKIMWI. Mama yetu alipoamkiwa naye, badala ya marahaba alisema, "Mwanangu, mbona shingo imetoka mifupa?" akaenda kumkaangia kuku. Huruma ile imewarudisha wengi kwenye uzito wa mwanzo kuliko uvivu. Kilichosaidia ni kumpeleka mama kliniki siku ya vipimo, asikie mwenyewe daktari akisema presha imekuwa nzuri. Toka siku hiyo yeye ndiye anayewajibu majirani.

Njaa yenyewe nayo ina historia ya kisayansi. Mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua wanaume 36 waliojitolea. Kuanzia Februari 1945 waliishi wiki 24 kwa kalori 1,570 hivi kwa siku huku wakitembea sana. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na wanaume wale hawakuwa wanene. Walihisi baridi, walikuwa na hasira, waliota chakula, na walipoachiwa walikula kupita kiasi kwa muda mrefu. Watu wenye afya na nidhamu walifikishwa hapo na nakisi kubwa. Anayeshindwa siku ya kumi ya juisi hana upungufu wa tabia.

Kitu cha mwisho kuhusu nakisi ni kwamba inajifunga yenyewe. Mwili mdogo unatumia kidogo. Sahani ya kalori 2,050 ilimpa dada nakisi ya 500 alipokuwa na kilo 118. Sasa ana kilo 97, mwaka mmoja na miezi miwili tangu tupime mafuta, na mwili huu unatumia 2,260 hivi. Sahani ile ile inampa 200 tu. Akifika 80 itampa sifuri. Mizani iliposimama wiki tatu alitaka kuacha chakula cha usiku kabisa. Tukakaa tena jikoni, tukatafuta kalori sitini hivi ambazo hazitamuuma. Zilikuwa kwenye chai: vikombe viwili kwa siku, sukari vijiko vitatu kila kikombe, kalori 16 kila kijiko. Amebakiza kimoja kwenye kila kikombe, na ameongeza tangawizi.