Hesabu Saa Kuanzia Getini: Kuvuka Ngorongoro na Serengeti kabla Giza Halijaingia

Kila likizo ya shule inapokaribia, swali ni lile lile: kutoka Arusha hadi Musoma kwa kupitia Serengeti ni kilomita ngapi? Tunalijibu, lakini jibu hilo halimfikishi mtu. Katika njia hii anayeamua kama utafika ni geti. Likishafungwa, gari jipya lenye tenki lililojaa litalala palepale na mkweche.

Ndiyo maana safari ya hifadhini hupangwa kinyumenyume, kuanzia geti la mwisho. Chukua mtu anayetaka kutokea Ndabaka, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Geti hufungwa saa 12 jioni. Mimi humwambia asahau saa 12, ajiwekee saa 11, ile saa moja iliyobaki ni ya pancha. Kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, hadi Ndabaka kupitia ukanda wa magharibi mpe saa 4, kwa hiyo Seronera aondoke saa 7 mchana. Kutoka Naabi, geti la kuingilia Serengeti, hadi Seronera ni saa moja na nusu, na pale Naabi kuna foleni ya vibali, choo na watoto wanaotaka kupanda kilima. Afike Naabi saa 5 asubuhi. Nyuma ya Naabi kuna barabara ya Ngorongoro, saa 3 za changarawe na vumbi, na kabla ya hapo kuna karatasi za geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Afike Loduare saa 1 na nusu asubuhi.

Sasa rudi Arusha. Mwendo wa saa 3 hadi Loduare unamtaka aondoke saa 10 na nusu alfajiri, usingizi bado machoni, akianza na giza lile lile analolikimbia. Kwa mwenye gari binafsi na familia, ushauri wangu ni mmoja: lala Karatu. Kutoka pale hadi Loduare ni nusu saa tu, na ndipo mahali pa mwisho pa kujaza mafuta bila wasiwasi. Seronera kuna kituo cha mafuta, lakini usikipange kama tegemeo.

Na hesabu hiyo haina simba hata mmoja ndani yake. Ni mwendo wa kupita. Ukitaka kusimama kwa ajili ya chui aliyelala juu ya mti, panga kulala Seronera, siku iwe mbili.

Yapo mambo mawili yanayokula saa za watu pale getini. La kwanza ni kudhani kwamba Ngorongoro na Serengeti ni ofisi moja. Zilitenganishwa mwaka 1959. Ngorongoro inasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, Serengeti ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kila mmoja ana kibali chake na malipo yake, hata kama Ngorongoro unapita tu. La pili ni kuja na noti mfukoni. Getini hawapokei fedha taslimu. Lipia mapema kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, au uwe na kadi ya benki inayofanya kazi. Nimeshuhudia baba wa watu akizunguka uwanja wa geti na simu juu ya kichwa akitafuta mtandao, saa zikikatika, mkewe amenyamaza kimya ndani ya gari. Kimya kile kila mwenye ndoa anakijua.

Anayetaka kushuka ndani ya kreta, lile bonde kubwa la Ngorongoro, ajue ina saa zake. Mwisho wa kushuka ni saa 10 jioni, na saa 12 uwe umeshatoka. Barabara ya Seneto ni ya kushuka tu, ya Lerai ni ya kupanda tu, kwa hiyo hakuna kugeuza gari katikati ya mlima kwa sababu umesahau kamera. Kushuka kreta na kuvuka hadi Ndabaka siku hiyo hiyo haiwezekani, hata kama jirani yako anaapa aliwahi.

Watu huniuliza kama marufuku ya usiku si ukali wa bure, maana taa za magari ya siku hizi zinamulika mbali. Ndani ya Serengeti kuendesha kunaruhusiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Ukiuvunja ukomo huo ukaenda kilomita 80 kwa saa, gari linasogea mita 22 kila sekunde. Mpaka akili ielewe kinachoonekana na mguu ufike kwenye breki, umeshapita zaidi ya mita 30, na breki ndiyo kwanza zinaanza kushika, tena juu ya changarawe. Swala utamjua kwa macho yanayong'aa. Twiga humwoni hivyo: macho yake yako mita 4 na zaidi kutoka ardhini, juu ya mwanga wa taa zako, na unachokiona mbele ni miguu kama miti. Tembo ni mweusi juu ya weusi. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hajui barabara ni ya nani. Na iko sababu nyingine isiyosemwa sana: magari ya wageni yakiwa yametulia, gari linalotembea usiku wa manane linawapa askari wa uhifadhi jambo la kufuatilia. Majangili hawapendi upweke huo.

Linganisha na Mikumi. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na haifungwi usiku kwa sababu ni njia ya malori ya Zambia na mabasi ya nyanda za juu. Badala ya geti kuna matuta, ukomo wa mwendo unaopungua usiku, na mabango yenye faini ya kila mnyama utakayemgonga. India, katika msitu wa Bandipur, waliamua vingine: barabara kuu zinazopita pale hufungwa kwa magari mengi kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ubishi juu ya uamuzi huo ulifika mahakamani.

Jambo moja ambalo hata wenyeji hulisahau: saa 12 kamili asubuhi Serengeti bado ni giza. Mwezi wa Februari jua huchomoza karibu na saa 1. Geti limefunguliwa, ndiyo, lakini nusu saa ya kwanza endesha kama usiku haujaisha, maana fisi bado wako njiani wanarudi makwao. Ukingo wa kreta nao, kwenye mita zaidi ya 2,000, mara nyingi asubuhi umefunikwa na ukungu, na masika udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni.

Kwa asiye na haja ya kuona mnyama, anayekwenda msiba Musoma au harusi Tarime, nitasema bila kumung'unya: zunguka. Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Ni mbali, lakini ni lami, na hakuna geti la kukuzuia.

Giza likikukuta ndani kwa sababu gari limeharibika, washa taa za tahadhari na ubaki ndani. Usitembee kutafuta msaada, hata kama taa za kambi zinaonekana karibu. Kabla ya kuondoka andika kwenye karatasi namba ya geti na ya mahali utakapolala, kwa sababu betri ya simu nayo huisha, na waambie wenyeji wako wa Seronera unatarajia kufika saa ngapi. Usipotokea, wao ndio watakaoanza kuuliza. Tairi za akiba beba mbili, na jeki ijaribiwe nyumbani, siyo Naabi.