Kijia Si Barabara: Tunayodanganyana Tunapouza Shamba Lisilo na Njia

Shangazi yangu alikuwa na shamba tupu nyuma ya Mtwapa, ekari moja na ushei, minazi michache na nyasi. Mnunuzi akapatikana, bei wakaelewana, akaja na wakili wake. Wakili akaitandaza ramani ya usajili juu ya boneti ya gari, akaifuata kwa kidole, kisha akauliza, "Mama, barabara iko upande gani?" Shangazi akamwonyesha kijia kinachopita kando ya ua wa minyaa wa jirani, upana wa mkokoteni. "Hicho nakiona," wakili akasema, "lakini humu hakimo." Biashara ikafa siku hiyohiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza wanavyosema watu wanaouza ardhi hapa Pwani. Mengi yanayosemwa si kweli, na wanaoumia ni wazee na wajane walioachiwa kipande cha nyuma.

"Magari yanafika, kwa hivyo barabara ipo."

Gari kufika ni jambo moja, haki ya kufika ni jambo jingine. Hatimiliki inakutaja wewe na ukubwa wa ardhi yako. Sachi, yaani hati ya upekuzi wa rejista ya ardhi, itaonyesha mwenye ardhi, deni la benki na zuio kama limewekwa, na haki ya kupita ikiwa tu ilisajiliwa. Ukitaka kujua kama barabara ipo kisheria, nenda ofisi ya ardhi ukachukue ramani ya usajili ya eneo lako pamoja na fomu ya mutesheni iliyoligawa shamba, kisha utembee nazo shambani na sorovea, yaani mpima ardhi. Fanya hivyo kabla hujamwita dalali. Mara nyingine utakuta mambo ni kinyume: barabara imo kwenye ramani, ila jirani ameifungia ndani ya ua na kupanda mihogo.

"Babu alipita hapa, baba akapita hapa, njia ni yetu."

Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inapoteza watu. Sheria ya Kenya kuhusu ukomo wa madai, Sura ya 22, inakubali kwamba haki ya kupita inaweza kupatikana kwa kupita miaka 20 mfululizo, hadharani, kwa amani, bila kukatizwa, na kama mtu mwenye haki. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Ikiwa mzee wa jirani alisema, "Piteni tu, wanangu," basi mlikuwa mnapita kwa hisani yake, hata ingekuwa miaka 40. Tena watu huchanganya na ile miaka 12 wanayoisikia mitaani. Ile inahusu kukaa kwenye ardhi ya mtu na kuishika kama yako, haihusu kupita. Na hata kama miaka 20 imetimia kwa masharti yake yote, jirani akikataa itabidi uithibitishe mahakamani. Mnunuzi mwenye busara hatakulipa bei ya shamba lenye barabara ilhali unachomkabidhi ni kesi.

"Jirani ameshakubali, hakuna shida."

Amekubali kwa mdomo. Akifa, au akiuza, mwenye shamba mpya hakuwepo mlipopeana mkono. Makubaliano ya njia yaandikwe, yatiwe saini, sorovea apime upana na urefu, na haki hiyo isajiliwe dhidi ya ardhi ya jirani. Hapo itamfunga yeyote atakayekuja.

"Shamba lisilo na njia haliuziki."

Linauzika, hakuna sheria inayokukataza. Zaidi ya hapo, kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu mwenye ardhi iliyozingirwa kuiomba mahakama amri ya kupewa njia. Mahakama huangalia ulipoipata ardhi ilikuwa na njia gani, ilizingirwaje, nyinyi na majirani mmeendeana vipi, na ni shida gani itampata kila upande. Inaweza kukuamuru umlipe jirani fidia. Kwa hiyo si bure wala si haraka, na ndiyo sababu mimi humshauri mtu azungumze na jirani kwanza. Huyohuyo jirani wa mbele anaweza kuwa mnunuzi wako pia, maana yeye hahitaji njia ya mtu. Ila anaijua dhiki yako, na atataka bei ya dhiki.

"Tukikata ploti, njia itapatikana tu."

Piga hesabu. Barabara ya mita 9 yenye urefu wa mita 100 inakula mita za mraba 900. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Yaani barabara imemeza karibu ploti mbili, na hapo ndipo muuzaji anapoingia tamaa, akaibana njia au akaiacha kabisa ili auze zote. Wa mbele wanajenga, wa nyuma wanabaki wakiomba kupitisha mchanga na matofali uani kwa watu.

"Nyamaza, mnunuzi atajionea mwenyewe."

Ukimwambia mtu barabara ipo na haipo, anaweza kuiomba mahakama ivunje mkataba na arudishiwe fedha zake, wakati wewe umeshazilipia karo na paa. Mwambie mapema, na uliandike kwenye mkataba jinsi hali ilivyo.

Shangazi alikwenda kwa jirani na wakili wake mwenyewe. Wakaelewana mita 6, akamlipa. Sorovea akasimika bikoni, alama za mpaka, ua wa minyaa wa upande ule ukang'olewa na kupandwa upya ndani zaidi, na haki ya kupita ikasajiliwa. Mnunuzi wa kwanza alikuwa ameshanunua Vipingo. Wa pili alikuja na wakili mwingine, naye akaitandaza ramani juu ya boneti.