Kwa nini meza iliyochorwa na kompyuta huteleza sakafuni ilhali mahali pa kamera panapimwa kwa milimita?

Mtangazaji amesimama kando ya meza ambayo haipo. Kamera inageuka kulia, na meza inajisogeza sentimita kadhaa kumwelekea, bila kuguswa na mtu. Huo ndio ugonjwa maarufu wa studio pepe.

Studio yenyewe haina mafumbo mengi. Nyuma ya mtangazaji kuna ukuta wa kijani. Kifaa kilichofungwa kwenye kamera hupima kamera iko wapi na inatazama wapi, kompyuta inachora mandhari kwa vipimo hivyo, kisha picha mbili zinaunganishwa.

Meza ikiteleza, lawama hukiangukia kifaa: hakipimi sawasawa, tununue kingine. Mara nyingi kifaa kinaonewa. Kinachosema ni kweli tupu, ila kinasema habari za kifaa chenyewe, pale juu ya kamera kilipofungwa. Kompyuta inataka habari za nukta nyingine: ile ambayo picha nzima inatazamwa kutokea hapo. Wengi hudhani nukta hiyo ni kihisi cha picha, wengine kioo cha mbele cha lenzi. Si hiki wala kile. Chungulia lenzi kutoka mbele utaona tundu la mwanga kama linaelea ndani ya vioo. Pale linapoonekana kuwa, wala si pale lilipo hasa, ndipo penyewe. Tupaite mboni ya lenzi. Katika baadhi ya lenzi za kuvuta mbali, mboni huonekana ndani kiasi kwamba kimahesabu iko nyuma ya kamera, hewani, mahali ambapo hakuna kitu chochote cha kupimia utepe.

Kwa nini sentimita chache zina uzito hivyo? Funga jicho moja, nyosha kidole mbele ya uso mpaka kilingane na ukingo wa mlango ulio mbali. Geuza kichwa polepole bila kukiachia kidole macho. Kidole kinauacha ukingo. Kichwa huzungukia shingoni, na jicho liko mbele ya shingo, kwa hiyo kila ukigeuka jicho nalo linahama. Sasa tuliza kichwa, zungusha jicho peke yake: kidole na ukingo karibu havisogeleani. Nasema karibu, kwa sababu hata jicho halizunguki juu ya mboni yake barabara. Kompyuta iliyopewa nukta isiyo sahihi ni kama mtu aliyeambiwa kichwa kimegeuka, asiambiwe kwamba jicho limehama.

Tuseme mboni iko sentimita 10 mbele ya nukta ambayo kompyuta inaijua, na kamera izungukie nukta hiyo kwa nyuzi 45. Mboni imehama zaidi ya sentimita 7 na kompyuta haina habari. Kwa meza iliyo mita 2 kutoka kwenye kamera, hilo linaonekana na kila mtu. Kwa mlima uliochorwa upeo wa macho, halionekani kabisa, ndiyo maana kujaribu mitambo kwa mandhari ya mbali ni kujidanganya.

Na mboni haitulii: ukivuta zumu au ukibadilisha fokasi, inahama. Ndiyo sababu kila lenzi huandaliwa jedwali lake, la upana wa picha, mahali pa mboni na namna mistari inavyopinda pembeni. Programu nyingi za kuandaa jedwali hilo huanzia kwenye njia aliyoichapisha mtafiti Zhengyou Zhang mwaka 2000, inayohitaji ubao bapa tu wenye alama, kama wa drafti, upigwe picha kwa pembe tofauti. Cha kuchekesha, mara nyingi mafundi hawainyooshi picha ya kamera; wanaipindisha michoro ifanane na kasoro za lenzi.

Kujua kosa liko wapi, bandika msalaba wa utepe sakafuni na usimamishe koni iliyochorwa na kompyuta juu yake. Koni ikikaa vizuri katikati ya picha na kuhama pembeni, shuku mpindo wa lenzi. Ikiteleza kamera inapogeuka na kubaki huko kamera ikisimama, rudi kwenye mboni. Lakini ikiteleza kisha ikarudi yenyewe mara kamera inaposimama, acha lenzi kabisa, hapo ni suala la muda: picha na vipimo havifiki pamoja. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kimoja kikichelewa kiasi hicho, kamera inayogeuka nyuzi 30 kwa sekunde huwa imeshapita nyuzi 1.2, ambazo kwa lenzi yenye upana wa nyuzi 60 ni takribani pikseli 35 katikati ya picha yenye pikseli 1920. Dawa yake ni kumchelewesha aliyetangulia, picha au vipimo, mpaka vifike pamoja.