Kyubiti si sarafu: dhana potofu kuhusu fizikia ya kwantamu

Ninafundisha fizikia katika shule ya upili hapa Kisumu, na kila muhula kuna mwanafunzi anayebaki darasani kengele ikishalia ili aniulize kuhusu kompyuta za kwantamu. Hamu hiyo naipenda sana. Kinachoniuma ni kwamba wengi hufika wakiwa wameshalishwa maelezo yatakayowapoteza kabla hawajapiga hatua ya kwanza, hasa kuhusu kyubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa katika kompyuta hizo, kama biti (0 au 1) ilivyo katika kompyuta ya kawaida.

Dhana: Kyubiti ni 0 na 1 kwa wakati mmoja, kwa hiyo kompyuta ya kwantamu hujaribu majibu yote kwa mpigo na kuchagua lililo sahihi.

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana ina chembe ya ukweli ndani yake. Kweli, hali ya kyubiti 10 huelezwa kwa namba 1,024, na kila ukiongeza kyubiti moja hesabu hiyo huwa maradufu. Lakini ukizipima hizo 10, yaani ukizisoma ili upate jibu, unapata jibu moja tu la biti 10, na mengine yote yametoweka. Kama kazi ingekuwa kujaribu yote kisha kupima, ungeambulia jibu la kubahatisha, na kwa hilo kurusha sarafu ya shilingi 10 kungetosha.

Nguvu iko kwingine. Nenda Dunga, ufukweni hapa Kisumu, asubuhi ziwa likiwa limetulia, utazame mashua mbili zikipita karibu karibu. Mawimbi yake yanapokutana, pengine kilele huangukia kilele na maji hupanda zaidi. Pengine kilele huangukia bonde na maji hutulia. Kyubiti hubeba namba zenye tabia hiyo, ziitwazo amplitudi. Uwezekano wa kawaida hauwezi kushuka chini ya sifuri. Amplitudi inaweza kuwa hasi, ndiyo maana moja huweza kuifuta nyingine.

Chukua kalamu. Kuna tendo liitwalo geti la Hadamard. Likipewa 0, hutoa amplitudi 0.707 kwa 0 na 0.707 kwa 1. Likipewa 1, hutoa 0.707 kwa 0 na hasi 0.707 kwa 1. Uwezekano wa jibu hupatikana kwa kuzidisha amplitudi yake kwa yenyewe. Zidisha 0.707 kwa yenyewe, unapata nusu: uwezekano sawa na wa sarafu. Sasa anza na 0 na ulipitie geti mara mbili bila kupima katikati. Sarafu ukiirusha tena inabaki nusu kwa nusu. Kyubiti inarudi kuwa 0, kila mara. Njia za kufikia 0 ni mbili, kila moja na amplitudi ya nusu (0.707 mara 0.707), na jumla yake ni 1. Za kufikia 1 pia ni mbili, ila moja ni nusu na ya pili ni hasi nusu, zinafutana. Nimeona darasa zima likinyamaza tulipofika kwenye ile alama ya kutoa. Fizikia yenyewe iko pale.

Dhana: Kompyuta ya kwantamu itafanya kila kazi haraka, na M-Pesa zetu zitaibiwa.

Kazi ambamo kompyuta ya kwantamu huzishinda za kawaida kwa mbali ni chache, zile ambazo mtu amegundua jinsi ya kufanya njia za majibu mabaya zifutane. Mwaka 1996 mwanasayansi wa kompyuta Lov Grover alionyesha namna ya kutafuta kitu kimoja katika vitu 1,000,000 visivyopangwa kwa hatua kama 785, badala ya wastani wa 500,000. Tazama vizuri: kama ingekuwa inajaribu vyote kwa mpigo, hatua moja ingetosha.

Hofu ya pesa ina msingi. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 jinsi ya kuivunja namba kubwa ikarudi kwenye namba tasa zilizoizaa, na ugumu wa kazi hiyo ndio unaolinda siri nyingi mtandaoni. Ila mashine kubwa ya kutosha bado haijajengwa, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango 3 vya kwanza vya usimbaji (kuficha siri kwa hesabu) wa kuikabili mashine hiyo.

Dhana: Kyubiti zilizofungamana, yaani zile ambazo matokeo yake huhusiana hata zikiwa mbali, hutuma ujumbe kushinda kasi ya mwanga.

Hapana. Aliye Kisumu akipima yake na aliye Nakuru akipima yake, kila mmoja huona matokeo ya kubahatisha tu. Uhusiano wake huonekana wakipigiana simu na kulinganisha.

Dhana: Somo hili ni la wenye shahada za uzamivu.

Vekta, matriksi na uwezekano viko katika hisabati ya Kidato cha Tatu, na geti la Hadamard ni matriksi ya 2 kwa 2. Kinachokosekana ni namba changamano (zinazotumia mzizi wa pili wa hasi 1), ambazo mwanafunzi mwenye subira huzielewa likizo moja. Mwaka 2016 kampuni ya IBM iliweka mashine ya kyubiti 5 kwenye intaneti, mtu akaitumia akiwa popote. Kuijenga mashine ndiko kunakodai miaka: nyingi hupozwa hadi takriban kelvini 0.015, baridi kuliko anga za mbali.

Anayetaka kuanza leo airudie ile hesabu akianza na 1 badala ya 0. Pitia geti mara mbili, uone safari hii zinafutana wapi.