Mdhamini wa amana ana muda gani wa kugawa mali?

Walinijia ofisini hapa Malindi ndugu watatu, wameshika hati ya kurasa mbili iliyokunjwa mara nne hata maandishi ya kwenye mikunjo yamefifia. Baba yao, alipokuwa hai, aliliweka shamba lake la minazi na maduka matatu ya kupangisha chini ya amana, yaani mali inayoshikwa na mtu mmoja kwa faida ya wengine, akamteua ndugu yake awe mdhamini wa kuishika, na akaagiza kwamba akifa watoto wagawiwe. Ni mwaka wa nne sasa tangu azikwe. "Tukimuuliza ami," akasema mkubwa wao, "hutujibu kuwa hati haikutaja tarehe." Nikaisoma, na kweli haikutaja: imeandikwa tu kwamba wagawiwe "kwa wakati ufaao".

Wengi hudhani kuwa sheria imeweka miezi sita kwa kila mtu anayeshika mali ya marehemu. Miezi hiyo ni ya msimamizi wa mirathi. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi sita tangu apewe barua ya usimamizi, na barua hiyo ikishathibitishwa na mahakama hupewa miezi sita mingine amalize kazi, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Mali iliyohamishiwa amana kabla ya kifo haimo katika mirathi, kwa hiyo hesabu hiyo haimhusu mdhamini. Lakini lazima iwe imehamishwa kweli. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachoomba ni hati miliki ya shamba, kwani ikiwa bado ina jina la marehemu, maneno mazuri ya hati ya amana hayatoshi, na huenda shamba likarudi kwenye mirathi. Kwa Waislamu lipo pia swali la kadhi: amana ambayo mwenyewe angeweza kuivunja wakati wowote, na ambayo haimpi mtu kitu mpaka yeye afe, yaweza kuonekana kuwa ni wasia, na wasia hauvuki theluthi wala haumpi mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake.

Hati isipotaja tarehe, mdhamini hufungwa na muda wa kuridhisha, nao hupimwa kwa kazi iliyopo: kulipa madeni na kodi za serikali, kuthamini mali, kuuza kinachopaswa kuuzwa, kumngojea mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Mapokeo ya sheria ya Uingereza, ambayo mahakama zetu ziliyarithi, humpa mtekelezaji wa wosia mwaka mmoja kabla ya kulazimishwa kugawa, nami huutumia mwaka huo kama kipimo ninapomshauri mdhamini. Akiupita, awe na sababu anayoweza kuiandika. Tena kuchelewa, hata kwa sababu njema, hakumwondolei wajibu wa kutoa hesabu. Kodi ya maduka inayoingia kila mwezi ni ya wanufaika tangu siku inapopokewa.

Wanufaika nao wana saa yao. Madai ya kukiuka amana, chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, hupotea baada ya miaka sita, lakini hayana ukomo pale mdhamini alipofanya ulaghai au anapoishikilia mali ya amana mwenyewe. Nasikitika sana ninapoona watu wamenyamaza miaka saba kwa heshima ya mzee, kumbe haki ya kudai fidia ya uzembe wake imeshapita.

Wateja wangu walikuwa na njia iliyo nyepesi zaidi. Tangu kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1841 imekubalika kwamba wanufaika wote, wakiwa watu wazima wenye akili timamu na mali yote ikiwa ni yao, wanaweza kukubaliana na kumtaka mdhamini awakabidhi, hata kabla ya tarehe iliyotajwa. Kitinda mimba wao alikuwa ametimiza miaka 18. Tukamwandikia ami barua ya adabu, wote watatu wakatia saini, tukimwomba hesabu ya kodi tangu mwezi wa mazishi na makabidhiano ndani ya siku 30.