Besiboli Ilivyowarudisha Mashabiki Baada ya Mgomo wa 1994

Wachezaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani waligoma tarehe 12 Agosti 1994 kupinga nia ya wamiliki wa klabu ya kuweka ukomo wa mishahara, na mgomo huo ukadumu siku 232. Fainali za mwaka huo, ambazo hata vita viwili vya dunia havikuzizuia, zilifutwa. Amri ya Jaji Sonia Sotomayor iliufungulia njia mwisho wa mgomo, lakini hakuna mahakama iwezayo kumwamuru shabiki akate tiketi. Msimu wa 1995 ulipoanza, mashabiki watatu walivamia uwanja jijini New York na kuwarushia wachezaji noti za dola, na wastani wa watazamaji ukashuka kwa takriban asilimia 20.

Wengi husema besiboli iliokolewa mwaka 1998, Mark McGwire na Sammy Sosa walipoifukuzia na kuivunja rekodi ya Roger Maris ya kuuvusha mpira nje ya uwanja mara 61 katika msimu mmoja. Mimi, niliyezoea kuchambua uchumi wa michezo, sikubaliani nao, hasa kwa kuwa mwaka 2010 McGwire alikiri kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu.

Naona imani ilianza kurudi Baltimore tarehe 6 Septemba 1995, Cal Ripken Jr. alipocheza mechi yake ya 2,131 mfululizo na kuipita rekodi ya Lou Gehrig iliyosimama tangu 1939. Mechi ilipofika katikati ya awamu ya tano na kuhesabika rasmi, tarakimu za hesabu ya mechi zake zilizoning'inizwa kwenye ghala lililo nyuma ya uwanja zilibadilishwa, mchezo ukasimama kwa dakika 22, naye akauzunguka uwanja akishikana mikono na watu. Mashabiki waliochoshwa na ugomvi wa fedha walimwona mtu ambaye tangu 1982 hakukosa kazini hata siku moja. Naye pia alikuwa mgomaji, lakini Peter Angelos, mmiliki wa klabu yake, alikataa kuchezesha wachezaji wa badala walioletwa kuziba nafasi za waliogoma, na mechi zilizofutwa hazikukatiza hesabu yake.

Viwanja vipya na mechi kati ya timu za ligi mbili zinazounda ligi kuu, zilizoanza 1997, vilisaidia pia, ingawa wastani wa watazamaji wa 1994 ulichukua zaidi ya miaka kumi kufikiwa tena. Montreal, Kanada, haukufikiwa kamwe: Expos, timu ya huko, waliokuwa wakiongoza ligi nzima kwa ushindi 74 na vipigo 40 mgomo ulipoanza, walihamia Washington mwaka 2005.