Keki ya kusimama haitaki rojo jepesi

Keki inayosifiwa kwa wepesi, ile unayoibonyeza ikarudi, ndiyo itakayokuangusha ukiimimina kwenye chombo cha umbo. Nazungumzia vyombo vya vipande 2 vinavyofunikana, vya mwanakondoo wa Pasaka au dubu aliyekaa. Humo keki hailali. Inasimama, na kichwa kizima kinabebwa na shingo nyembamba.

Mimi huchagua keki ya siagi ya uzani sawa: siagi, sukari, mayai na unga, kila kimoja gramu 225. Mayai yapime bila maganda, maana hayalingani. Huwa 4 makubwa au 5 madogo. Unga uwe wa ngano wa kawaida, si ule unaoumuka wenyewe. Ongeza beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo na maziwa vijiko 2 vya chakula.

Usibadilishe siagi kwa mafuta ya maji. Keki ikipoa, siagi huganda na kuikaza. Mafuta ya alizeti hubaki vilevile, na keki ikabaki teketeke hata kesho yake. Majarini ngumu ya kuokea inafaa, ila ile laini ya kupaka mkate mara nyingi ina maji mengi. Beking pauda nayo ikizidi, rojo huumuka kwa pupa, hunyanyua kipande cha juu, humwagika pembeni na kuacha matundu. Tundu likiangukia puani, uso umeharibika.

Piga siagi na sukari mpaka ipauke, kisha tia mayai moja moja. Rojo likianza kukatika, ongeza kijiko cha unga. Unga wote ukiingia, zima mashine, maliza kwa mwiko, na uache mara tu unga mkavu unapopotea. Inua mwiko: rojo zuri huning'inia, kisha hudondoka bonge. Likichuruzika kama la chapati za maji, halifai.

Paka mafuta mgando kwa brashi hadi ndani ya masikio, nyunyiza unga, kung'uta. Masikio na pua vijazwe kwanza kwa kijiko kidogo, halafu gonga chombo mezani mara kadhaa hewa itoke. Kipande cha uso kijae mpaka ukingoni. Cha mgongo kiache kitupu, rojo litapanda lenyewe. (Ukitaka kujua kiasi, jaza kipande cha uso maji uyapime, vipimo vya juu hutoa takriban lita 1 ya rojo.) Laza kijiti cha mishikaki kilicholowekwa kutoka kifuani hadi kichwani, na mkataji aambiwe kuwa kijiti kimo ndani. Funika, funga kwa uzi wa pamba, oka uso ukiwa chini.

Moto uwe nyuzi 160 za Selsiasi. Ukizidi, masikio hukauka kifua kikiwa kibichi. Baada ya dakika 50 anza kupima kwa kijiti kirefu kupitia kitundu cha mgongoni.

Kule Alsace, Ufaransa, mwanakondoo wa Pasaka huokwa kwa sponji, ile keki nyepesi, kwenye chombo cha udongo, na hutoka vizuri. Lakini yule ni mdogo, amejilaza, na hunyunyiziwa sukari ya unga tu.

Ikiiva, subiri dakika 15, toa kipande cha mgongo, mvuke utoke dakika 5, ndipo uigeuze. Ipoe ikiwa imelala, kisha ifunge mpaka kesho yake. Ukiisimamisha ingali vuguvugu, shingo hupasuka kwa nyuma, na aisingi haitaishika.